Sifa za Mvuvi wa Kirumba Anayesema Kijapani

Wapo wanaomcheka yule kijana anayeandika hadithi za kwenye simu, anayerusha sehemu ya kwanza hadi ya tano bure kwenye kundi la WhatsApp, kisha anadai buku ndipo upate ya sita. Wanamlaumu kwa sababu mhusika wake, mvuvi wa dagaa aliyezaliwa Igombe na kukulia Kirumba, Mwanza, akizingirwa na majambazi pale sokoni Mwaloni anapiga kelele, "Yamete kudasai!" Akishawatandika anawainamia na kusema, "Arigato gozaimasu." Hata akiandaliwa sato na ugali, hamegi tonge kabla ya "Itadakimasu." Katuni za Kijapani zimemharibu, wanasema. Mimi niko upande wa mvuvi.

Kwanza, Kijapani chake hakimkwamishi msomaji. Mhusika aliyetoka Bujumbura akimwaga Kifaransa, nusu ya herufi zake zimekaa tu pale bila kutamkwa na msomaji anajing'ata ulimi. Lakini "onegaishimasu" unaisoma kwa mkupuo mmoja, tena kwa ukamilifu: Mjapani mwenyewe ile "u" ya mwisho huimeza, sisi tunaitendea haki. Shukrani kwa daktari mmisionari wa Kimarekani, James Hepburn, aliyetoa kamusi ya Kijapani mwaka 1867, na tahajia inayoitwa kwa jina lake ikaenea na irabu zilezile tano tunazozijua. Mwaka 1870 mmisionari mwingine, Edward Steere wa Zanzibar, akatoa kitabu chake cha Kiswahili, nacho kwa herufi hizohizo za Kirumi. Matunda ya kazi yao ndiyo haya: sentensi anayoisoma mtoto wa darasa la pili bila kosa, na hakuna mtu nyumbani anayeielewa.

Tena watu wa Mwanza tumeshakizoea Kijapani. Washa Probox ya mtumba stendi ya Buzuruga umsikie dada wa ndani ya dashibodi: "ETC kaado ga sonyu sarete imasen." Anadai kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani, ambayo ilibaki hukohuko. Abiria wanne waliobanwa kwenye siti ya watatu hata hawageuki. Dereva anamsikia kila alfajiri na hajawahi kumjibu. Wapo wanaomlipa fundi amnyamazishe, jambo ambalo kwangu ni dhuluma kwa mhusika pekee mjini asiyebadili msimamo.

Lakini sifa kubwa ya Kijapani ni usalama wa mwandishi. Kijana wetu ni mtu wa Magu na bibi yake yu hai. Athubutu kumwandika mvuvi akimwamkia mzee "Mwangaluka" jua likizama! Simu itaita kabla sehemu ya saba haijatoka: hiyo ni salamu ya asubuhi, mjukuu wangu, nani kakulea? Kisukuma kina wenyewe, na wenyewe wana vocha. Ila "yamete kudasai" mbele ya watu wenye mapanga, maneno ya adabu kama ya kumwomba mgeni apunguze sauti ya redio, yamepita Kirumba yote bila malalamiko hata moja.

Mtazameni aliyekataa njia hii. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, Aniceti Kitereza alijitia taabu ya kuwafanya wahusika wa riwaya yake, Myombekere na Bugonoka, waongee kama Wakerewe. Alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35, kwa ajili ya watu wanaotembeleana, wanakaribishana na kuagana jinsi wanavyoagana kweli! Mvuvi wetu aliandikwa Jumanne, Jumatano keshasambaa hadi Sengerema.

Najua nitatajiwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi aliyeizunguka Afrika akiwa na Kiswahili chake. Nitatajiwa na Lufufu, aliyewatia Kiswahili mdomoni waigizaji wa filamu za nje mpaka mabanda ya video yakafurika. Sawa. Lakini hao ilibidi wajue mhusika anataka kusema nini, na kazi ya namna hiyo inachosha.

Buku langu nimeshatuma. Ombi langu kwa sehemu ya saba ni kwamba mama mnunuzi wa dagaa naye apewe sentensi: anapunjwa ndoo, anamkazia macho mpimaji, anasema, "Sumimasen," na ndoo inajazwa. Wapenda uhalisia watabisha kwamba mama wa Mwaloni akipunjwa haishii kwenye neno moja, wala halisemi kwa sauti hiyo. Basi nao watume buku, wamwandikie kijana anavyosema.