Kahawa ya Chungwa, Asali na Sombe

Ukisema mjini Bukavu kwamba unakaa Muhumba, watu wanakutazama upya, kisha wanakuomba mkopo. Wanafikiria majumba ya wakati wa Wabelgiji, mageti yenye sentinele, bendera za mashirika na magari meupe yenye antena ndefu. Hakuna anayefikiria kwamba nyuma ya jumba huwa kuna kinyumba, na kwamba ndani ya kimoja cha vinyumba hivyo tumebanana mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe. Umeme ukikatika, hauulizi nani anakaa mbele na nani anakaa nyuma.

Sifa hiyo ya bure ndiyo iliyotuletea kahawa. Shemeji yangu alipewa pakiti kazini, akaiona ngumu, akatuletea sisi "kwa kuwa watu wa Muhumba mnayajua hayo mambo." Ilikuwa mchanganyiko wa kahawa ya Idjwi na ya Kalehe, imekaangwa kiasi tu, buni nzima ambazo hazijasagwa. Mume wangu akavaa miwani na kusoma karatasi kwa sauti: ndani yake utasikia chungwa, asali na chokoleti.

"Na kahawa yenyewe wameiweka wapi?" mama mkwe akauliza.

Kisha akaona tundu. Pakiti za namna hii huwa na kitundu kidogo upande wa mbele, na mama mkwe, ambaye amefanya biashara soko la Kadutu miaka mingi, hajawahi kununua kitu kilichotobolewa. Akasema panya ameshapita, au mchuuzi ameshachota. Akachukua utepe wa gundi, akaliziba vizuri, akaenda kulala na moyo safi.

Asubuhi pakiti ilikuwa imevimba kama mpira. Kumbe kahawa iliyokaangwa karibuni hutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, na kile kitundu ni mlango wa kuitoa bila kuiruhusu hewa ya nje kuingia. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule tulijua tu kwamba kuna kitu jikoni kinakua chenyewe, na katika mji ulioona mambo tuliyoyaona, kitu kinachovimba bila sababu hakichekwi. Watoto wakatolewa nje. Sentinele wa jumba la mbele akaitwa, akaja na mwavuli, akasimama mbali na kuuchomeka ubavuni mwa pakiti. Ikapumua. Harufu iliyotoka hapo, jamani, ilijaza ua mzima, na sentinele akatangaza kwamba kuanzia sasa ni mgeni wetu.

Ikabaki kuisaga. Mume wangu alienda kuazima mashine ya umeme kwa jirani, akarudi nayo, akaichomeka, umeme ukaenda. Tukangoja. Sentinele naye akangoja, kikombe mkononi. Mwisho nikatoa kinu cha sombe. Kinu hicho kimetwanga majani ya muhogo tangu nilipoolewa, na pamoja nayo vitunguu saumu, pilipili na chochote kingine kilichohitaji kupigwa. Buni zilikuwa zinaruka, zingine zikawa vumbi, zingine zikabaki nzima na kiburi chao. Nilikiosha kinu kabla, lakini mti una kumbukumbu.

Maelezo ya pakiti yalitaka gramu 60 kwa lita moja ya maji. Sisi mizani hatuna. Sokoni kwetu unga unapimwa kwa kopo la Guigoz na hakuna aliyewahi kulalamika, isipokuwa kidole cha muuzaji kikiwa ndani. Yalitaka pia maji ya digrii kati ya 92 na 96, yasiyochemka kabisa. Mume wangu akaleta kipimajoto cha watoto, kile cha homa, ambacho kinaishia 42. Nikakiokoa kabla hakijafika kwenye sufuria.

Wala hapakuwa na haja ya kipimo. Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka karibu na digrii 95. Watu wa Mombasa na Dar es Salaam wanachemsha, kisha wanasubiri yapoe kidogo. Sisi sufuria ikitokota tu juu ya mbabula, tumefika palepale wataalamu wanapotaka. Ni jambo dogo, lakini Bukavu hatuna mengi ya kujivunia kuhusu maji ya bomba.

Aliyepewa kikombe cha kwanza ni baba mkubwa, aliyekuwa amefika kutoka Kalehe kwa matibabu ya macho. Mzee huyu amelima kahawa tangu ujana. Anajua tunda lililoiva kwa kuligusa, na anakumbuka miaka ambayo mavuno yalivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Rwanda, na wenzake ambao ziwa liliwachukua na magunia yao. Baadaye ushirika kama Sopacdi, ulioanzishwa 2003, ukaanza kuosha kahawa ya wakulima na kuiuza mbali kwa bei ya maana. Lakini yeye mwenyewe hunywa chai. Kahawa, kwake, ni ada ya shule.

Alionja. Akaonja tena.

"Mwanangu, hii imeiva nusu. Warudishieni wamalizie."

Mume wangu akaeleza: buni zikifika karibu digrii 200 hualika, zikiachwa zaidi hualika mara ya pili na kuwa nyeusi za mafuta, hizi zimetolewa katikati, ndiyo maana uchachu wake wa chungwa bado upo. Baba mkubwa alisikiliza kwa heshima.

"Kwa hiyo makala yamepanda bei mpaka kahawa inauzwa mbichi, na sisi ndio tunalipa zaidi?"

Mama mkwe hakubishana. Alitia sukari, akatia maziwa ya unga, akatia sukari tena, akachovya mkate. Chungwa hakulisikia, wala asali. Alisikia sombe, na alisema hiyo ndiyo sehemu nzuri.

Sentinele alimaliza sufuria. Mume wangu alikuwa amemhakikishia kwamba kahawa iliyokaangwa kiasi ina nguvu kiasi. Si kweli: moto hubadilisha ladha na rangi, kafeini inabaki karibu ileile. Usiku huo Muhumba ililindwa kuliko wakati wowote. Kila paka aliulizwa anakotoka, na mwenye nyumba ya mbele, aliyechelewa kurudi, aliombwa kitambulisho getini kwake.

Kwenu wakaangaji wa Kivu: kahawa yenu ni nzuri, endeleeni. Ila chungwa na chokoleti wawekeeni Wazungu. Sisi tuandikieni vijiko viwili vya mezani kwa kikombe, tusagieni kabisa, na kando ya lile tundu mwandike kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili: MAMA, USIZIBE.