Muulize Shangazi: Mbwa Ana Cheti, Kulungu Hawajakisoma

*Shangazi, shikamoo. Naishi London, jirani na Richmond Park. Mbwa wangu Popi ana cheti cha dhahabu cha utii kutoka Kennel Club. Nikimwambia kaa, anakaa. Nikimwambia ngoja, anangoja mpaka nione huruma mwenyewe. Jumapili tulikutana na kulungu. Popi akatoweka, nami nikabaki nimeshika kamba tupu mbele za watu. Nimdai mwalimu wake fedha zangu? — Mwenye Aibu, Putney*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu muache. Cheti kinasema kwamba siku ya mtihani Popi alikuwa na adabu, nami naamini. Ila siku hiyo hakuna aliyemkimbizia kulungu mbele ya pua.

Hapo ulipokwenda wapo zaidi ya 600, wekundu na wa madoa. Mfalme Charles wa Kwanza aliizungushia bustani hiyo ukuta mwaka 1637 ili apate mahali pa kuwawinda. Kwa hiyo wenyeji ni wao. Wala wewe si wa kwanza kuaibika: mwaka 2011 dunia nzima ilitazama video ya bwana mmoja akimkimbilia labrador wake, Fenton, huku kundi zima la kulungu likikatiza barabara ya magari. Alimwita mbwa, akamwita na Yesu, mbwa hakugeuka. Watu walicheka, nami nilicheka, lakini kulungu anayekurupushwa namna hiyo huweza kuishia chini ya gari.

Sasa sikiliza. Mbwa akishaanza kukimbiza, kumwita ni sawa na kuipungia mkono daladala iliyokwisha kukata kona. Nafasi yako ni kabla ya hapo, nayo ni fupi mno: anasimama ghafla, kichwa juu, masikio mbele, pengine mguu mmoja umeinuka. Hapo ndipo pa kumwita, wakati bado anawaza. Ukiwa unatazama simu, umeikosa. Tena kumbuka kwamba harufu humfikia yeye kabla wewe hujaona chochote, hasa upepo ukivuma kutoka waliko.

Mfunze kwa filimbi, maana sauti yako ikishika hofu hubadilika, naye haitambui, filimbi haiogopi. Wanaofunza mbwa wa uwindaji hupuliza mlio mmoja mrefu wa kusimama na milio mifupi mifupi ya kurudi. Anzia mbali sana na kulungu, Popi akiwa kwenye kamba ndefu ya mita kumi, na mfukoni uwe na maini ya kuku, si zile biskuti kavu unazompa. Akiweza huko, sogea kidogo. Itachukua miezi. Wakati huo, kukiwa na kulungu karibu, afungwe kamba, na cheti chake kibaki ukutani.

*Shangazi, as-salaam alaykum. Nimetoka Mombasa kuja kulea mjukuu, nikakabidhiwa na mbwa wawili niwatembeze asubuhi. Sasa ni Oktoba na bustanini ninakowatembeza kuna kitu kinanguruma. Mwanangu anacheka tu. — Bibi Mwenye Mashaka*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hicho kinachonguruma ni dume linatafuta wake. Msimu wao wa kupandana ni Septemba na Oktoba. Dume hujipaka matope, hujikojolea, hujitundika majani kwenye pembe, kisha hupiga kelele akidhani amependeza. Wanaume wa namna hiyo tumewaona hata kwetu, ila hawana pembe.

Na pembe zenyewe usizifananishe na za swala wa Tsavo. Swala akishaota zake ni za maisha. Kulungu dume huzidondosha kila mwaka na kuota nyingine, na ikifika Septemba zimekauka na kuchongoka. Kaa mbali naye mita 50 au zaidi, na usipite katikati ya madume mawili wala kati ya dume na majike yake. Mbwa wafunge kamba. Lakini dume akiwajia mbio, achia kamba hizo papo hapo: anayemtaka ni mbwa, na mbwa ana miguu minne. Wewe una miwili tu.

*Shangazi, mwezi wa Juni mbwa wangu alinionyesha mtoto wa kulungu kalala peke yake majanini. Mama hayupo. Nimchukue? — Mwenye Huruma, Kingston*

Hajatelekezwa. Mama huwaficha watoto wake hivyo kuanzia Mei hadi Julai, akaenda kula, akarudi kunyonyesha. Usimguse, usimpige picha kwa karibu, ondoka. Mama mwenyewe pengine anakutazama, na akimwona mbwa huweza kushambulia bila kuuliza cheti. Miezi hiyo mbwa hutakiwa kufungwa kamba. Kama huwezi, mtembeze bustani nyingine.

*Shangazi, nyama ya kulungu ikoje? — Jina Limehifadhiwa*

Tamu. Kwa kuwa hakuna mnyama wa kuwala, wasimamizi wa bustani huwapunguza kwa bunduki kila Februari na Novemba, na nyama huuzwa kwa wafanyabiashara wenye leseni. Nenda buchani. Na lile panga uliloniuliza kama linaruhusiwa kwenye basi, liache jikoni.