Risala ya Kona: Adabu za Mashali katika Mashindano ya Vigari vya Rimoti

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya kazi ya mashali wa kona, na ijapokuwa aliyeniomba ni mimi mwenyewe, sikuona njia ya kumkatalia mtu mwenye hoja nzito kiasi kile. Mmefika katika ukumbi huu wa michezo wa shule, ambao siku za juma watoto wa Kiingereza huchezea mpira wa kikapu, na ambao Jumapili za baridi klabu yetu huutandika zulia la kijivu na kuuwekea mipaka ya mbao na mabomba, mkidhani kwamba mmekuja kujifunza kuendesha. Kuendesha ni jambo jepesi. Hata mtoto wa miaka tisa huliweza, na aghalabu hunipita. Lakini kusimama penye kona, ukainua gari la mshindani wako lililopinduka, ukalirudisha magurudumu chini bila ya inda wala upendeleo, hiyo ni elimu ambayo vyuo vikuu vya dunia vimeghafilika nayo, na ambayo mimi, kwa juhudi isiyopata shukrani, nimeibeba peke yangu.

Kwa faida ya wazazi, walioletwa hapa na watoto wao bila ya ridhaa kamili, nitaeleza hali ilivyo. Kigari cha kipimo cha moja kwa kumi huwa na urefu wa karibu sentimita 40 na uzito wa kadiri ya kilo moja na nusu, na kikitiwa mota ya nguvu na betri ya lithiamu hukimbia kwa mwendo ambao, kwenye barabara iliyo mbele ya shule hii hii, ungemletea mwenyewe barua ya polisi. Mwendeshaji hayuko karibu nacho. Yeye na wenzake wamepanda juu ya jukwaa, bega kwa bega, na mchujo wao ni wa dakika 5 tu, ilhali penye mstari wa kuanzia umelazwa waya unaoitambua transponda ya kila gari ipitapo na kuipelekea kompyuta hesabu ya mizunguko, bila ya huruma. Basi kigari kikigonga mpaka, kikaruka, kikalala chali kama kobe, mwenyewe hana la kufanya. Rimoti yake ina thamani ya mshahara wa mwezi, mota yake imetoka ng'ambo, fani yake ya kurekebisha springi haina mfano. Lakini mkono wa kufika pale hana. Mkono ni wa mashali.

Na mashali ni nani? Msidhani ni mtumishi aliyeajiriwa kwa ujira. Ni yule yule aliyekuwa juu ya jukwaa dakika chache zilizopita. Kanuni kongwe ya vilabu vya mchezo huu, hapa Uingereza penye chama cha BRCA na kule Marekani penye chama cha ROAR, ni kwamba umalizapo kushindana hushuka ukawahudumia wanaokufuata, na bingwa aliyevaa fulana ya wafadhili huinama kuokota gari la mwanagenzi aliyenunua lake kwa mkono wa pili. Tazameni ajabu hiyo. Ibn Khaldun, alipoandika Mukadima yake mwaka 1377, alieleza kwa urefu namna watu wanavyoshikamana kwa asabia, na namna dola zinavyoinuka na kuanguka kwayo, lakini hakutaja hata mara moja mtu anayeliinua gari la yule atakayemshinda saa moja baadaye. Namsamehe. Hapakuwa na zulia.

Kijana, ushushe mkono. Maswali ni mwisho.

Katika vilabu vingi namba iliyobandikwa juu ya gari lako ndiyo namba ya kituo utakachosimama, na hapo ndipo tabia ya mwanadamu inapoanza kujidhihirisha. Sheria yataka uliweke gari lako mezani na kwenda moja kwa moja. Haisemi ukalifungue kwanza, ukatafute ni skrubu ipi iliyolegea, ukachaji betri, ukamweleze jirani yako kwamba ungeshinda lau si yule mwenye bodi ya kijani. Mchujo hauanzi mpaka kona zote zina watu, na halaiki nzima hukaa ikimngojea mmoja anayepuliza vumbi kwenye beringi. Mimi sijapata kuchelewa kufika kituoni, hasa ninapopangiwa kile kilicho karibu na dirisha la chai, penye kona pana isiyompindua mtu. Wako mahasidi wasemao kwamba hukipata kwa kubadilishana na watoto. Hawajui kwamba mwanachuoni hana budi kupata mahali atakapoyatazama mambo yote kwa pamoja, na kwamba mvuke wa chai hausaidii chochote ila kuyalainisha macho.

Ukiwa kituoni, simama na kizibao chako cha kung'aa, viatu vimefunika vidole, mikono mitupu. Nasema mitupu: isiwe na simu wala kikombe, na rimoti isiwemo kabisa. Utazame sehemu yako ya uwanja, siyo gari linaloongoza. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana macho ya binadamu hufuata ushindi kama yanavyoamrishwa na nafsi, na mara ngapi tumeona mashali akimsindikiza kwa shingo bingwa wa siku, akimgeukia mpaka upande wa pili wa ukumbi, ilhali nyuma ya visigino vyake maskini mmoja wa fainali ya C, iliyo chini ya A na B, amelala chali na sauti imemkauka.

Sasa kuinua kwenyewe. Kwanza tazama unakotoka msafara, kisha ndipo uvuke. Aliyevuka kabla ya kutazama ameongeza ajali ya pili juu ya ya kwanza, na kigari kinachomgonga mtu kifundo cha mguu kwa mwendo ule hakisahauliki mpaka Alhamisi. Likamate gari kwa bodi au kwa bampa, uyaepushe magurudumu na vidole vyako, kwa kuwa mwendeshaji aliye jukwaani, kwa fadhaa au kwa ujuba, huenda bado amekaza mafuta. (Twasema mafuta ijapokuwa ni umeme, adabu ya lugha ina haki zake.) Mashine za kipimo cha moja kwa nane ziendeshwazo kwa methanoli iliyochanganywa na nitromethani ni jambo jingine: kichwa cha injini na bomba la moshi huwa moto wa kuunguza, na mashali asiye na glavu hufahamu hayo kwa njia ambayo hotuba haina haja ya kuieleza.

Nimefika penye kiini cha taaluma yangu, nami naomba utulivu. Magari mawili yamepinduka pamoja katika kona moja, na mashali ni mmoja. Lipi kwanza? Maulamaa wa kona wamekhitilafiana. Kundi la kwanza lasema lililo karibu na mkono, kwa kuwa hatua moja ni fupi kuliko mbili. Kundi la pili lasema lililoziba njia, hata likiwa mbali, kwa kuwa likiachwa litawapindua wengine watatu, na kazi ya mashali itazaana kabla ya kumalizika. Mimi niko na kundi la pili, kwa dalili nzito nilizoziandika katika daftari ambalo nitaliweka mezani kwa atakayependa. Lakini liko kundi la tatu, nalo ndilo lenye wafuasi wengi kuliko yote, ambalo halina daftari wala dalili: ni madhehebu ya shemeji. Mfuasi wake hulirukia gari la ndugu yake, la rafiki yake, la mtu aliyemwazima betri asubuhi ile, na akifika kwenye gari la mtu aliyekosana naye juu ya nafasi ya kuegesha hupatwa ghafla na maumivu ya mgongo. Atajitetea kwamba shemeji alikuwa anaongoza. Hoja hiyo ni batili, na ubatili wake nitauonyesha. Katika mchujo wa kuachiana, kila gari huanza kivyake na saa yake huhesabiwa kivyake tangu lilipopita mstari. Kwa hiyo hakuna wa mbele wala wa nyuma unayemwona kwa macho, na yule unayemdharau kwa kuwa yuko mkiani huenda, kwa hesabu ya kompyuta, anampita shemeji yako kwa mzunguko mzima. Mashali anayechagua kwa macho huchagua gizani.

Ukishaliinua, lirudishe pale lilipoangukia, likielekea linakopaswa kwenda. Usilisogeze mbele kwa hisani, wala usilirushe kwa hamaki, na usiliachie mbele ya msafara unaokuja. Subiri pengo, kisha liweke. Likiwa limevunjika, litoe nje ya njia na uliache. Usilitengeneze! Namjua bwana mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliyepiga magoti katikati ya zulia kurudisha pini ya bodi ya gari la mtu, akiwa ametoa ulimi kwa umakini, huku magari manne yakimpita chini ya viwiko, na alipoinuka akatazama kulia na kushoto akitaraji makofi.

Haki ya mashali nayo ipo juu ya waendeshaji, na hapa nitasema kwa uchungu. Mtu akipinduka, inatosha ataje kwa sauti namba ya kona. Haina haja ya kutaja nasaba ya mashali, macho yake, wala umri wa bibi yake. Nimesikia mtu mzima, mhasibu kwa kazi yake, mpole wa kuonea huruma siku za juma, akimpigia kelele mtoto wa miaka kumi na moja kwa maneno ambayo hata mwendesha matatu angeyapima mara mbili, na kosa la mtoto ni kuchukua sekunde tatu kulifikia gari ambalo mhasibu mwenyewe alilipeleka ukutani. Tena mwendeshaji aachie mafuta tangu gari linapolala mpaka linapowekwa chini, na akishuka jukwaani apite penye kona, aseme ahsante, akachukue kizibao.

Nimetafiti chanzo cha ghaidhi hii, na nimekipata. Wazee wetu waliendesha kwa redio za megahezi 27, zenye fuwele ndogo iliyopanga masafa, na mtu alipaswa kuchukua kibanio cha masafa yake ubaoni kabla ya kuwasha. Akitokea mmoja mezani akawasha kwa masafa ya mwenzake bila ya idhini, gari lililoko uwanjani lilipatwa na wazimu, likaenda zake. Enzi ile, basi, kila aliyegonga ukuta alikuwa na sababu yenye heshima: redio imeingiliwa. Zilipokuja redio za gigahezi 2.4, zinazogawana masafa zenyewe bila ya kugombana, udhuru ule ukafa, na waendeshaji wakabaki na makosa yao yasiyo na mwenyewe. Wakatazama huku na huku kutafuta pa kuyaweka. Wakamwona mashali.

Adhabu ya asiyekwenda kituoni ni ya kikatili, nami naistahi kwa ukatili wake: katika vilabu vingi hufutiwa matokeo ya raundi yake iliyo bora kuliko zote. Hafutiwi iliyo mbaya. Wako watu wanaokosa usingizi kwa kuiogopa hukumu hiyo. Mimi haijapata kunitisha, kwa kuwa matokeo yangu bora na matokeo yangu mabaya hukaa kwa ujirani mwema, na ukiondoa mojawapo, lililobaki husema maneno yale yale.

Haya, kijana, uliza. Anauliza kama nimewahi kuingia fainali ya A. Swali halihusiani na mada, na aliyekufundisha adabu za majlisi ana kesi ya kujibu.

Nilikuwa niingie sasa katika sura ya mashali wa nje, wale wa viwanja vya udongo, wanaosimama juu ya vichuguu vya kurukia katika mvua ya Uingereza na kuokota magari yenye uzito wa tope mara mbili ya uzito wa chuma. Lakini nasikia msimamizi anawaita mashali wa mchujo unaofuata, na jina langu limetajwa mara ya pili kwa sauti isiyo na murua. Kumbe leo wamenipangia kituo cha 7, penye kona pacha, ambako hakuna gari lisilopinduka. Husuda tu. Kwa bahati kanuni ina kifungu cha insafu: asiyeweza kwenda ataweka mtu badala yake, mwenye kujua kazi. Mimi siwezi, nina hadhira. Wewe kijana wa maswali, umesikia hotuba yote, kwa hiyo unajua kazi. Kizibao hicho hapo kitini. Funga kamba za viatu. Tazama msafara kabla ya kuvuka, na ukimwona mhasibu jukwaani usimjibu. Nitakuwa hapa karibu na dirisha la chai, na ukirudi nitakueleza makosa yako yote.