Ombi la Bumbire Kufundisha Mabingwa wa Uzazi

Katibu Mkuu,
Wizara ya Afya,
Mji wa Serikali Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KISIWA CHA BUMBIRE, WILAYA YA MULEBA, KUTAMBULIWA KUWA KITUO CHA MAFUNZO YA UBINGWA WA MAGONJWA YA AKINA MAMA NA UZAZI

Husika tafadhali na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii haina kumbukumbu namba kwa sababu mwenye muhuri alivuka kwenda Muleba, Ziwa Victoria likachafuka, na hatujui atarudi lini. Naomba kasoro hiyo isikwamishe ombi letu, maana kwa namna fulani ndilo ombi lenyewe.

Mimi ni tabibu mstaafu. Mpwa wangu, daktari aliyemaliza mwaka wake wa utarajali, amenipigia simu kuniuliza akasomee wapi ubingwa wa akina mama. Alikuwa ameshajipangia: Muhimbili kwanza, KCMC, Bugando, Dodoma. Amefuatilia hosteli, amefuatilia mashine za altrasaundi, na amejua mji upi una kliniki binafsi za kujipatia chochote jioni. Nikamuuliza: saa tisa usiku, mama amejifungua, damu haikatiki, mkono unaoingia kukandamiza mfuko wa uzazi ni wa nani? Ni wako, ni wa mwenzako aliyekutangulia darasa, au ni wa bingwa aliyeko nyumbani kwake anayeelekeza kwa simu? Akanyamaza kidogo. "Mjomba, hayo hayapo kwenye fomu ya udahili."

Nikaona nisimsumbue mtoto. Niwaandikie wenye fomu.

Mheshimiwa, sifa ya kwanza ya kituo cha kufundishia ni wagonjwa, na hapo Bumbire haina mpinzani. Katika hospitali kubwa za mijini wanafunzi huzunguka kitanda kimoja safu tatu, wa nyuma akasoma mgongo wa mwenzake. Kwetu hakuna msongamano wa aina hiyo. Anayefika anakabidhiwa mgonjwa mzima mzima, na mara nyingi anakabidhiwa yeye peke yake.

Darasa letu la vitendo ni mtumbwi. Mama mwenye uchungu pingamizi analazwa juu ya turubai, kichwa mapajani kwa mama mkwe, miguu ikielekea kwenye injini. Shemeji anachota maji yanayoingia kwa kopo la rangi. Nesi ameinua chupa ya dripu juu kwa mkono, kwa kuwa pa kuitundika hakuna. Mkono wa kulia ukifa ganzi anahamishia wa kushoto. Kila kitu kinanuka petroli na dagaa. Sasa nesi anataka kusikiliza moyo wa mtoto. Anaweka kile kibomba tumboni, anatega sikio, anasikia Yamaha. Hili ni swali la mtihani ambalo chuo chochote kingejivunia: uzime injini umsikilize mtoto, au uiache ingurume umfikishe mama ng'ambo? Alama 20. Mtahiniwa ajibu kabla wimbi linalofuata halijafika.

Tunacho pia kipindi cha kifafa cha mimba. Wanafunzi wenu wanakijua kwa moyo: magnesiamu gramu 4 polepole kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli ya makalio, tano kila upande, kisha unahesabu pumzi, unapima mkojo, unagonga goti kwa nyundo kuona kama dawa haijazidi. Vizuri kabisa. Kwenye mtumbwi mguu ukirushwa hujui umerushwa na nyundo au na ziwa. Mtaala wetu umezama ndani zaidi, kama unavyoona, ingawa tunaomba usizame wote.

Chakula kipo: sangara, dagaa, ndizi za kutoka ng'ambo, na senene msimu wake ukifika. Usalama pia upo. Najua historia inatuandama. Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alifika hapa mwezi Aprili bila kualikwa, wazee wetu wakamnyang'anya makasia, na mwezi Agosti akarudi kuwafyatulia risasi kutoka majini watu waliosimama ufukweni. Tangu hapo watu wazito wamekuwa wagumu kidogo kutua. Naomba Wizara iwafahamishe mabingwa kwamba makasia yao yatakuwa salama.

Sasa nakuja kwenye upungufu wetu, maana fomu zenu hudai ukweli. Hatuna mwalimu. Wagonjwa tunao, vifo vya kujifunzia tumekuwa navyo, lakini hakuna wa kumshika kijana mkono na kumwambia, "Hapana, si hapo, shusha kidogo, vuta uchungu unapokuja, acha unapotulia." Bila mtu huyo, wagonjwa mia hawamfanyi daktari kuwa bingwa. Atajiamini tu, na daktari anayejiamini bila kujua ni mzigo mbaya kuuvusha ziwani.

Kwa hiyo nyinyi mna walimu wamejaa sehemu moja, nasi tuna wagonjwa wametawanyika visiwani, na mpwa wangu anatakiwa achague upande.

Nafahamu juhudi zilizopo na sizibezi. Tangu 2024 madaktari bingwa wa Rais Samia wamekuwa wakizunguka kwenye halmashauri kwa kambi za siku chache, na waliowahi kutibiwa wanawaombea dua. Ombi letu dogo ni kupata ratiba mapema, ili wajawazito wa visiwani wajipange uchungu uwaanze Jumatatu na kondo la nyuma liwe limetoka kabla ya Ijumaa. Nafahamu pia namba 115 ya m-mama. Unapiga bure, na wanatafuta ambulensi au dereva aliye karibu. Huku tumeongeza sharti moja tu, upepo nao uwe umekubali.

Takwimu nazo nimeziona. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Februari 2025 Rais akatunukiwa tuzo ya Gates Foundation kwa kazi hiyo. Tulipiga makofi, na ninapiga tena hapa nilipo. Ila 104 ni hesabu ya nchi nzima, Upanga ya Dar es Salaam na kisiwa cha Goziba wakiwa kwenye kapu moja, na sisi tulio chini ya kapu tunaomba tuhesabiwe peke yetu siku moja.

Mtasema kisiwa hakiwezi kufundisha. Naomba mnikumbukie Dkt. Godfrey Mbaruku. Alikuwa bingwa wa akina mama katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, pembezoni mwa ziwa jingine, Tanganyika, enzi ambazo hata glovu zilikuwa anasa. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi pale vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakupewa jengo la ghorofa. Aliwafunza watumishi aliowakuta, akahakikisha damu inapatikana, vifaa vibovu vikatengenezwa, vifo vikajadiliwa. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, kule Kivu nchini Kongo, Denis Mukwege alianza akitaka kuwa daktari wa watoto; akinamama aliowaona wakiletwa hospitali ya Lemera ndio waliompeleka Angers, Ufaransa, kusomea uzazi. Nobel ilimfika 2018. Nawaulizeni, fomu ya udahili ingemgundua vipi mtu kama yule?

Hata mambo mapya hayadai marumaru. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ulipunguza uvujaji mkubwa wa damu baada ya kujifungua kwa asilimia 60. Siri yake ni mfuko wa plastiki wenye alama, unaowekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa jicho kwenye khanga iliyolowa. Halafu kukanda tumbo, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, dripu na uchunguzi vinafanywa kwa mkupuo mmoja, bila kungoja kimoja kishindwe ndipo kije kingine. Plastiki tunayo. Oksitosini inataka friji, na friji inataka umeme usiolala, na hapo tunaomba tuonane kwa mazungumzo.

Mpwa wangu nimeshamjibu, na nakala ya majibu naiambatanisha ili ikiwezekana iingizwe kwenye mwongozo wenu wa udahili. Nimemwambia asiulize chuo kina maprofesa wangapi, aulize maprofesa hao wanaonekana leba saa ngapi. Awatafute wanaomaliza mwaka huu, awaulize kila mmoja ametoa kwa mikono yake watoto wangapi waliotanguliza matako, amevuta wangapi kwa vakyumu, ametengeneza mifuko mingapi ya uzazi iliyopasuka, na nani alikuwa amesimama pembeni yake. Upasuaji wa kumtoa mtoto karibu wote watasema wanaujua. Siku hizi kisu ni chepesi kuliko subira. Mtu anaweza kutoka na joho na asijue kuzalisha pacha wa pili aliyekingama. Na kikao cha kujadili kifo cha mama, ahudhurie kimoja kama watamruhusu. Akiona kinatafuta nesi wa kuandikiwa barua, aondoke. Akiona bingwa mwenyewe anasimama kusema "hapa mimi nilichelewa", aombe fomu siku hiyohiyo, hata kama hosteli haina maji.

Pia nimemwambia kuna chuo cha wanajinakolojia cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ECSACOG, kinachomfundishia mtu ubingwa akiwa hospitalini kazini. Akakiangalie. Mtu kusomea pale wagonjwa walipo si ndoto yangu ya uzeeni.

Basi ombi letu, likivuliwa mbwembwe, ni hili. Wanafunzi wa ubingwa walio mwaka wa mwisho waletwe Muleba kwa miezi, si kwa siku; wagawanywe hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage; na mwalimu wao aje nao, alale hukohuko, aamshwe usiku. Visiwani kuwe na boti yenye paa, mahali pa kutundika dripu, na injini ambayo mafuta yake hayachangishwi na ukoo wakati mama anatapatapa. Mwanafunzi avuke nayo walau mara moja akiwa na mgonjwa. Hatudai chumba cha upasuaji kila mwalo. Tunadai bingwa ambaye, akipigiwa simu kutoka Bumbire, anajua anayempigia amesimama wapi.

Jibu likichelewa tutaelewa. Huwa tunasubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Tabibu mstaafu,
Bumbire, Muleba, Kagera.

Nakala:
Baraza la Madaktari Tanganyika, ili wakague kituo (waje na jaketi okozi zao).
Mganga Mkuu wa Wilaya, Muleba, aione atakapovuka.
Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao ndio watakaopanga ratiba ya zamu.