Mhadhara juu ya Ilimu ya Vibao vya Maegesho

Waheshimiwa hadhirina, mabibi na mabwana wa Kocholia, nanyi wageni mliotoka Amagoro, Adungosi na Busia mjini, nawaamkia kwa taadhima inayostahiki ilimu niliyokuja kuwafunulia. Wanazuoni wengine wakiteketeza mafuta ya taa kwa kuchunguza nyota na maradhi ya ng'ombe, mimi nimejitolea kukisoma kile kibao kisimamacho kando ya barabara kumjulisha mwenye gari mahali pa kuegesha. Na nasema bila kujisifu, kwa kuwa sifa hunifuata zenyewe, ya kwamba baina ya mto Malaba na Ziwa Victoria hajatokea aliyeifikia daraja yangu. Kwamba sina gari, wala sijapata kushika usukani, ni neema kubwa, maana mwenye gari hukitazama kibao kwa jicho la tamaa.

Tuanze na usuli. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya alama za barabarani uliweka duara la buluu lenye ukingo mwekundu: likikatwa na mstari mmoja wa mshazari, kuegesha ni haramu ila kusimama kidogo abiria ateremke ni halali, likikatwa na mistari miwili iliyopishana, hata kusimama ni haramu. Mabwana wale hawakutosheka. Wakaongeza mstari mmoja wa wima, ukatazao maegesho katika tarehe za witiri, na miwili ya wima, ikatazayo katika tarehe za shufwa. Niliposoma kifungu hicho nilitokwa na machozi ya furaha, nikimwazia dereva wa trela lililotoka Mombasa na shehena ya Kampala, aliyelala kwenye foleni hata hajui kama leo ni Jumanne au ni sikukuu, akiteremka chini kwa adabu kumwuliza muuza mahindi kama tarehe ya leo yagawanyika kwa mbili.

Huku kwetu, hata hivyo, vibao vingi ni vya hati. Mwenye duka huchukua rangi iliyobaki alipopaka mlango, akaandika ukutani, kwa Kiingereza cha kutisha, kwamba maegesho yamekatazwa; na papo hapo chini ya maandishi hayo pikipiki hujipanga tangu alfajiri, wenyewe wakiwa wameziegemea. Msiwalaumu. Mpaka huu wa Busia ndio uliozaa bodaboda katika miaka ya 1960, zilipokuwa baiskeli za kuvusha watu na mizigo, na mtoto hafukuzwi barazani kwa mzazi wake.

Juu ya taawili ya hati hizo pana ikhtilafu kubwa. Wenye bodaboda wanashika kwamba amri yahusu magurudumu manne na kuendelea. Mataniboi wanashika kwamba gari ambalo injini yake inanguruma halijaegeshwa, hata likinguruma hapo mpaka magharibi. Lakini dhehebu lenye nguvu, kwa kuwa ndilo lenye minyororo ya kufungia magurudumu, ni la askari wa kanju, nalo lasema kwamba maana ya kibao haimo katika kibao, imo katika risiti. Basi mahali palipokuwa huru saa moja asubuhi, ikifika saa tatu hushukiwa na wajibu, pasipo msumari mmoja kupigwa wala herufi kuongezwa. Na ndiyo sababu nawausia wanafunzi wangu wakihofu zaidi uwanja mtupu usio na kibao chochote, maana huo umeachwa wazi kwa ijtihadi.

Mwezi wa Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili upande ule aingiako, nilitaraji kuitwa nitoe rai juu ya vibao. Barua haijafika, huenda imeegeshwa mahali.

Lipo suala moja zito kuliko yote, nalo ni la mpakani Malaba: je, trela lililomo katika foleni limeegeshwa, au limo safarini? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haikumwazia dereva wa mwaka 2020, aliyengojea majibu ya kipimo cha korona huku mkia wa foleni ukipotea upeo wa macho. Nimelitafakari, na fatwa yangu ni hii: aliyewasha jiko chini ya trela akasonga ugali, huyo ameegesha, akilizima ili asogee hatua tatu, huyo ni msafiri, na mwenye kumdai ada amsubiri ale kwanza.

Sasa nitapokea maswali kutoka kwa yeyote, isipokuwa yule bwana askari wa kanju aliyesimama mlangoni na kitabu cha risiti, kwa sababu yeye ni sehemu ya matini, na matini hayamhoji mfasiri.