Mgao Uliisha, Ukabaki Kwangu

Katika mtaa wetu huku Tegeta kuna nyumba moja tu yenye mgao wa umeme, nayo ni yangu. Jirani wa kulia anapiga pasi saa tatu usiku bila kumwomba mtu ruhusa. Wa kushoto ana friza mbili za kuuzia barafu na sabufa inayotikisa vioo vya madirisha yangu. Mimi mwenye paneli juu ya bati na inveta ukutani nakaa sebuleni gizani, nikiwafokea watoto wazime taa ya korido.

Chanzo ni ule mgao wa mwishoni mwa 2023. Mnaukumbuka. Samaki walikuwa wananunuliwa asubuhi, jioni wanatupwa. Nikaona yatosha, nikachukua mkopo wa SACCOS, nikaita fundi. Akaja na ngazi, nyaya na maneno matamu: "Bosi, ukifunga hii unaaga LUKU." Mwanzoni mwa 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukaanza kuzalisha. Mtambo mmoja tu ni megawati 235, na bwawa limejengewa mitambo 9, jumla megawati 2,115. Mgao ukaisha. Kama raia nilishangilia. Kama mkopaji nilinuna, maana rejesho la kwanza lilikuwa bado hata halijakatwa.

Mwenye akili timamu angesema betri ikae ingoje siku ya dharura, sisi tutumie umeme wa gridi kama wenzetu. Lakini mtu anayekatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya paneli hawezi tena kununua uniti za LUKU kwa moyo mkunjufu. Kwa hiyo nimetoa amri: mchana jua, usiku betri, na swichi ya kurudi gridi haigusi mtu ila mimi.

Tatizo ni hesabu. Betri yangu ni ya lithiamu, volti 51.2, ampea-saa 100. Zidisha, unapata uniti tano na chenji, na uniti hizi ni zilezile za LUKU, ambazo kwa mteja wa kawaida moja haifiki shilingi 400. Maana yake ni kwamba lile sanduku nililolinunua kwa bei ya bodaboda mpya, likijaa pomoni, lina umeme wa shilingi elfu mbili hivi. Mama watoto alipopiga hesabu hiyo kwenye simu yake alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Tangu siku hiyo, nikitaka kusema neno lolote kuhusu matumizi ya pesa nyumbani, ananiambia, "Nenda kaangalie elfu mbili yako ukutani."

Na inveta nayo ina lugha yake. Imeandikwa kVA 3. Fundi, akishalipwa, ndipo alipokumbuka kunieleza kwamba kwa aina hii unazidisha kwa 0.8, zinabaki wati 2,400. Jagi la umeme peke yake linataka 2,200. Sasa chemsha maji ya chai, halafu friji iamue wakati huohuo kuwasha mota yake, ambayo ikishtuka huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Pii, pii, piii! Nyumba nzima inazima, na wote, hata paka, wananigeukia mimi.

Humo ndani jagi limetangazwa adui wa taifa. Nalitetea, ingawa hakuna anayenisikiliza. Jagi lina vurugu, ila halili sana: kuchemsha lita moja na nusu hakufikishi hata moja ya tano ya uniti. Wanaomaliza betri ni wale wapole. Feni ya wati 60 ikizunguka kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri imekula kuliko majagi matatu, na hakuna aliyeisikia. Friji hivyohivyo. King'amuzi kinachoachwa na kitaa chake chekundu hivyohivyo. Anayewashinda wote ni inveta yenyewe: yangu inakula wati 40 na kitu, usiku na mchana, karibu uniti nzima kwa siku, kabla haijawasha hata balbu ya chooni. Nimeajiri mlinzi wa ghala anayeanza kwa kula mahindi.

Msiniambie kuhusu jua la bure la Dar. Kiwandani paneli hupimwa zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati langu, mchana wa Februari, ukigusa paneli unatoa mkono haraka, na kila nyuzi moja inayozidi inapunguza kama theluthi ya asilimia ya nguvu yake. Kwa hiyo jua linalotuchoma sisi linazichosha na paneli. Asubuhi kukiwa na ubaridi unaozifaa, mwembe wa jirani wa kulia unaziwekea kivuli, na tawi moja likitia kivuli paneli moja, wenzake walioungwa naye kwenye mstari nao wanalegea. Nilimwendea jirani kwa heshima zote kumwomba apunguze tawi. Akanijibu tusubiri kwanza maembe yaishe. Huu ni mwaka wa pili maembe hayajaisha.

Basi ikabidi nitengeneze ratiba, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Pasi, saa tano hadi saa nane mchana. Mashine ya kufulia, siku za jua tu. Pampu ya maji, baada ya kuniuliza. Hita ya bafuni, marufuku. Binti yangu wa kidato cha pili aliisoma, akachukua kalamu, akaandika chini yake kwa mwandiko mzuri kabisa: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Uongozi."

Masika yalipoanza akaja mama mkwe kutoka Tanga. Mawingu siku ya tatu mfululizo, paneli zinatoa cha kuchajia simu tu, na mama mkwe halali bila feni namba tatu na taa ya chumbani. Nani atamwambia mama mkwe apunguze feni? Nilijaribu kupitia kwa mwanawe. Mwanawe akanionyesha ratiba, akasema haoni mahali palipoandikwa feni.

Saa nane usiku simu yangu ikaita. Mpigaji yuko chumba cha wageni, ukuta kwa ukuta na chetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hapo ni huduma kwa wateja?"

Pembeni yangu shuka likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Ndiyo, mama."

"Huku kwangu umeme umekatika tangu saa saba. Nauliza kama ni hitilafu au ni ratiba."

Nikanyanyuka na tochi ya simu hadi kwenye korido. Betri asilimia 20, inveta imejizima kama ilivyopangwa, na ile swichi ya gridi ipo palepale, hatua mbili kutoka nilipo. Dirishani friza za jirani zilikuwa zinanguruma kwa raha zao. Nikaitazama swichi, nikakumbuka rejesho la mwezi huu.

"Mama," nikasema, "mafundi wako njiani."