Miguu ya Mama Mkwe

Mama mkwe aliteremka stendi ya Nane Nane, Mbeya, mwezi wa Juni, akitokea Iringa, akiwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi. Navikumbuka viatu kwa sababu macho yangu yaliishia hapo. Mkwe wa kiume humwamkia mama mkwe akiwa ameinama, kisha hubeba mizigo. Haendi kumkagua miguu. Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza.

Presha anayo miaka mingi. Dawa huichukua hospitali ya serikali huko kwao, kwenye dirisha la wazee, maana Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Safari hii vidonge alivitia kwenye kopo la Blue Band, kopo ndani ya begi, begi kwenye buti la basi, na begi likapitilizwa hadi Tunduma. Likarudi baada ya siku mbili. Siku zote hizo hakumeza kitu.

Kichwa kikaanza kumgonga. Mke wangu akampeleka zahanati moja ya binafsi, wakakuta presha iko juu. Daktari akauliza anatumia dawa gani.

"Vile vyeupe, vidogo," akajibu mama mkwe.

Daktari akaridhika na jibu hilo, akaandika. Tulilipa shilingi 14,000 kwa pakti yenye jina kama la mchezaji mpira wa Brazili. Tulipofika nyumbani begi limeshafika, na mama mkwe akapanga ratiba yake: ya bure asubuhi, ya kununua jioni. Ya jioni aliiamini zaidi. Kitu ulichokitolea fedha kina nguvu, alisema, na mezani hakuna aliyebisha. Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kukubali.

Wiki ya pili vile viatu vyeusi vikakataa kuingia. Akaazima raba za binti yake. Wiki ya tatu nikakuta kandambili zangu, namba 43, hazipo mlangoni; nikamgombeza mtoto bure.

Kikaitishwa kikao. Shemeji, kwa simu kutoka Mafinga, alisema ni kukaa sana kwenye basi. Jirani yetu Mama Sekela alilaumu maparachichi ya Rungwe. Shangazi alidai mama amekanyaga kitu, tusikitaje. Mimi sikuwa na neno, kwa kuwa rasmi miguu yenyewe sikuwa nimeiona.

Mama Sekela hakungoja muafaka. Alikwenda duka la dawa muhimu pale kona, akarudi na vidonge vya kukojoza. Cheti cha daktari hakuulizwa. Maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale ya dawa baridi, na masharti yake ni mazuri: muuzaji awe amesomea, dawa ziwe za kwenye orodha, zinazohitaji cheti zitolewe kwa cheti. Yule wa kwetu nadhani alisomea kurudisha chenji.

Sasa, choo chetu kiko nje, na baridi ya Uyole mwezi wa Juni haina mzaha. Mama mkwe alitoka mara nne kwa usiku, blanketi begani, simu yangu mkononi kama tochi. Usiku wa tatu tukasikia kishindo. Nilimkuta kizingitini, paji la uso lina nundu, na heshima ikanibidi niiweke pembeni nimnyanyue. Miguu ilikuwa imejaa kama lumbesa ya viazi.

Hospitali ya rufaa tulimkuta mfamasia binti, mpole, ambaye hakutaka hadithi yetu. "Leteni kila anachomeza," alisema. Akamwaga kopo juu ya meza, akaweka ile pakti ya 14,000 kando yake, akaonyesha kwa kidole maandishi madogo chini ya jina la Mbrazili. Amlodipini. Akageuza ile ya bure. Amlodipini. Miligramu 10 asubuhi, 10 jioni, na mwisho wa mtu mzima kwa siku ni 10.

Alieleza kwamba dawa hiyo hulegeza mishipa ya damu, na ikizidi, maji huvujia kwenye nyama na kuteremkia miguuni. Maji hayo hayatoki kwa vidonge vya kukojoza. Vyenyewe vilimkausha tu, presha ikamshuka kila aliposimama. Tena tusitarajie miguu kunywea kesho, maana mwili huhitaji saa 30 hadi 50 kupunguza nusu tu ya amlodipini iliyomo.

"Kwa hiyo ya bure na ya kununua ni moja?" mama mkwe aliuliza.

"Ni moja, Mama."

Akanyamaza. "Basi wanirudishie fedha yangu."

Miongozo ya matibabu ya nchi hii inamtaka daktari aandike jina halisi la dawa, si la biashara. Ningekuwa na madaraka, ningeamuru na kwenye pakti jina halisi ndilo liwe kubwa, la biashara lisomwe kwa miwani. Hadi hapo, msomaji, mgonjwa wako akienda kwa daktari, kopo lake liende naye.

Mama mkwe alirudi Iringa baada ya wiki mbili, kopo mkononi, si kwenye buti. Viatu vyeusi vilimwingia vizuri. Kandambili zangu aliondoka nazo.